Usimwite mwenye mizani bado

Jumapili ya leo naomba tufuatane hadi Nakuru, kwa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye macho yake yalianza kuingia ukungu hata ikawa anamtambua mgeni kwa sauti tu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwamba maradhi hayo hutibika kwa upasuaji mfupi. Kilichokosekana ni pesa. Basi watoto wake walikaa kikao, wakatazama huku na huku bomani, na mawazo ya wote yakatua mahali pamoja: chini ya mparachichi, ambapo Peugeot 404 ya marehemu baba yao ilikuwa imesimama tangu mwaka wa 1994.

Ilikuwa stesheniwagoni yenye safu tatu za viti. Marehemu aliinunua mwaka wa 1972, ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, akaifanya teksi ya kwenda Nairobi na kurudi. Wale ambao mvi zimewaingia wanazikumbuka hizo Pijo, jinsi abiria walivyobanana humo na mizigo ikafungwa juu kwa kamba, na dereva akawa mtu wa kuheshimiwa kituoni kama mwalimu mkuu. Gari hilo liliwasomesha watoto watano. Siku nilipofika, kuku alikuwa ametagia kwenye kiti cha nyuma.

Kifungua mimba wa Mama Mkubwa, binamu yangu, tayari alikuwa amemleta kijana wa vyuma kuukuu. Kijana alilizunguka gari mara moja, akaligonga ubavuni kwa ngumi, akasema atatoa Sh28,000 papo hapo na gari liondoke siku hiyo hiyo. Msumeno wa kulikatia vipande alikuja nao.

"Mwanangu," Mama Mkubwa akaniita, "wewe huandika magazetini. Hebu niambie, gari la baba yenu ni chuma tu?"

Sikuwa na jibu la maana. Niliomba nipewe wiki mbili. Binamu yangu alinitazama kwa jicho la kuniambia kwamba macho ya mama yake hayangoji hadithi za watu wa Nairobi, na sikumlaumu.

Lakini 404 si chuma cha kuuzwa kwa kilo. Gari hili lilitolewa na Wafaransa mwaka wa 1960, umbo lake likachorwa na Pininfarina wa Italia, na kwao Ufaransa likaacha kuundwa mwaka wa 1975. Hapa kwetu lilipata jina kutokana na mbio za Safari. Mwaka wa 1963 Nick Nowicki alishinda akiwa na 404, katika mbio ambazo magari 84 yaliondoka na 7 pekee yakamaliza. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akashinda mwaka wa 1966 na tena 1967. Kisha 1968 Nowicki akarudia, na mara hiyo pia ni magari 7 tu yaliyofika mwisho kati ya 93. Ushindi wa mara nne katika miaka sita, kwenye matope na mawe yetu wenyewe! Haikuwa ajabu kwamba kila mwenye teksi alilitaka gari la aina hiyo.

Leo 404 zimeadimika. Hata hivyo zipo bado zinazotembea, na wenye nazo ni watu wa aina yao. Wako wazee waliokataa kuziacha, na wako vijana wenye pesa wanaozifufua ili wazionyeshe kwenye mashindano ya Concours d'Elegance yanayofanywa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ambayo yalianza mwaka wa 1970. Kuna pia zile mbio za magari ya kale, Safari Classic, zilizoanza mwaka wa 2003. Ng'ambo ndiko kuna wendawazimu zaidi. Kampuni yenyewe ina jumba lake la makumbusho mjini Sochaux tangu mwaka wa 1988. Mtu mwenye gari la miaka 50 na taa moja iliyopasuka hawezi kuingia duka lolote la Kirinyaga Road akaipata. Taa yake iko bomani mwa watu fulani, chini ya mti fulani, na wenye boma hawajui.

Nilimtafuta fundi mzee aliyezifahamu gari hizi tangu enzi zake. Nilidhani angefungua boneti kwanza. Hakufungua. Alilala chali chini ya gari na bisibisi mkononi, akaanza kuchoma sakafu.

"Gari hili halina chesisi ya kando kama lori," akanieleza huku vumbi likimwangukia usoni. "Bodi ndiyo mifupa yake. Sakafu ikioza, hata injini iwe mpya, gari limekwisha."

Bisibisi ilizama kana kwamba anachoma papai. Chini ya milango yote minne kutu ilikuwa imekula chuma hadi kukawa na matundu ya kupitisha mkono. Alitoka, akajipangusa, akamwambia Mama Mkubwa kwa heshima kwamba gari halitafufuka, ila viungo vyake vinaweza kufufua magari mengine. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kazi hiyo ingefanywa hapo nyumbani ama lingebebwa. Alipoambiwa litafunguliwa pale pale, alikubali.

Nalitaja hili la sakafu kwa sababu wapo watakaosoma makala hii na wana gari kama hilo. Tafadhali usiruhusu spana iliguse kabla sakafu haijachunguzwa. Gari la aina hii ambalo mifupa yake ni mizima lina thamani zaidi likiuzwa zima, na kulivunja ni kama kuchinja ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya ngozi. Lililooza nalo likiachwa mvuani mwaka mmoja zaidi, hata vile vitu vizuri vilivyosalia vinaliwa.

Tulikuwa tayari kuanza kazi aliponikumbusha jirani mmoja, karani mstaafu wa mahakama, jambo ambalo sote tulikuwa tumelipuuza. Gari lilikuwa bado na jina la marehemu, aliyefariki mwaka wa 2009, na mirathi haikuwa imefanywa. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema kwamba kuishika mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa, na anayelitenda anaweza kutozwa faini au kufungwa. Sheria haibagui kati ya shamba la ekari kumi na gari lenye kuku ndani. Isitoshe, mtoto mmoja tu akinuna na kwenda polisi, mjane anaweza kujikuta akiulizwa maswali kuhusu injini aliyoiuza yeye mwenyewe uani kwake.

Basi ikawa safari ya kwa chifu kutafuta barua, kisha mahakamani, kisha kungojea tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi na siku 30 zipite bila mtu kupinga. Wiki mbili zangu zikawa miezi mitano. Katika miezi hiyo Mama Mkubwa alianguka mara mbili akienda kisimani, na mara ya pili aliumia mkono. Binamu yangu hakunipigia simu tena. Kijana wa mizani alipita kila Ijumaa. Nawaambia ukweli, kuna usiku nilijuta kwa nini sikunyamaza tu wakachukua hizo Sh28,000.

Barua za usimamizi zilipotoka, fundi alikuja na wasaidizi wawili na tukafanya kazi siku nne. Nilijifunza mambo mengi ambayo sikuyafundishwa chuoni.

La kwanza ni kwamba magurudumu hutoka mwisho. Mtu asiyejua huanza na magurudumu kwa kuwa ni rahisi, halafu gari linakaa tumbo chini na hakuna kinachoweza kutolewa wala kusogezwa. La pili, siku tatu kabla ya kazi, kila nati ilimwagiwa mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni. Nati iliyokaa miaka 30 haitaki nguvu, inataka subira. Ukiilazimisha inakatika, na mara nyingine inaondoka na kipande cha kitu chenyewe ulichotaka kuuza. Spana ziwe za milimita, maana gari ni la Kifaransa. Za inchi zitakula vichwa vya bolti.

Kioo cha mbele ndicho kilichonitia jasho. Msaidizi mmoja alichukua bisibisi akitaka kukibandua kwa pembeni, na fundi akampigia kelele. Mpira unaokishika kioo ulikuwa umekauka kama gome. Fundi aliukata wote kwa kisu, akauvua, kisha watu wawili wakakisukuma kwa viganja kutoka ndani, polepole, na mwingine akakipokea nje. Mpira unaweza kutengenezwa mwingine. Kioo cha 404 kilichopinda vile na kisicho na mkwaruzo hakiokotwi. Tulikifunga kwa blanketi na kukisimamisha wima, kwani kikilazwa hupasuka kwa uzito wake.

Kila tulipotoa kitu tulikipiga picha kwa simu kwanza kikiwa mahali pake, kisha nati na bolti zake tukazitia kwenye mfuko wa karatasi na kuandika jina. Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe. Baadaye wanunuzi waliniuliza jambo lilo hilo: je, bolti zake zipo? Bawaba ya mlango bila bolti zake ni nusu bei.

Injini ya 404 ina ukubwa wa sentimita za ujazo 1,618 na imelazwa ubavu kwa digrii 45, na ndiyo sababu boneti yake iko chini. Ndani yake silinda si tundu lililotobolewa kwenye chuma bali ni mikebe inayochomolewa, maji yakipita kuizunguka. Zikichakaa unazitoa na kuweka nyingine, hata kwenye gereji ya chini ya mti. Wanajua hayo waliotengeneza matatu ama manne wakati wao. Kuna pia feni yake, ambayo ina sumaku ya umeme. Maji yakiwa baridi feni haishiki, yakipata moto inashika na kuzunguka. Kwa maneno ya fundi, mafundi wengi waliishiwa na subira na sumaku hizo wakazifunga kwa bolti moja kwa moja. Ya marehemu haikuwa imeguswa. Fundi aliishika mikononi muda mrefu kuliko alivyoshika kitu kingine chochote siku ile.

Difu nayo ina kisa. Ndani mna parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na Peugeot waliagiza itiwe mafuta ya asili ya mbarika. Ukitia mafuta ya difu za kisasa, dawa zilizomo hula shaba hiyo. Kwa hiyo anayenunua difu ya 404 hufungua kifuniko kwanza, atazame rangi ya shaba na meno yake, na muuzaji mwerevu anakifungua kabla hajaombwa. Yetu ilikuwa nzima. Kuitoa kulihitaji watu wanne, kwa kuwa shafti imefungiwa ndani ya bomba refu lililoshikana na difu, na vyote hutoka pamoja.

Kuna vitu fundi alikataa katakata viuzwe. Mipira ya breki, laini za breki na matairi vilitengwa na kuharibiwa, maana vikimfikia mtu maskini atavifunga, na siku moja atashuka nao mteremko wa Mai Mahiu. Alituonya pia tusipulize vumbi la breki kwa mdomo, kwa sababu viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto, na vumbi hilo huharibu mapafu. Tangi la petroli halikuguswa na moto wa kuchomelea ingawa lilikuwa kavu miaka mingi. Mvuke wa petroli husubiri. Oili chafu ilikingwa kwenye debe badala ya kumwagwa shambani, japo mmoja wa watoto alitaka kuipaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, na nadhani hatimaye alifanya hivyo.

Mchana wa siku ya pili Mama Mkubwa alitoka akaketi kwenye kigoda kando ya mkeka tuliopanga vitu. Alianza kuvipapasa kimoja kimoja na kuvitaja. "Hii ni kishikio cha mlango wa abiria, kilikuwa kikikwama." "Hii ni taa ya nyuma, aliinunua baada ya ile ajali ya Naivasha." Alipofikia wenzo wa gia, ule unaokaa kwenye usukani, hakusema chochote. Binamu yangu, ambaye alikuwa amesimama mbali siku nzima mikono mfukoni, alikuja akavua koti na kuanza kumsaidia fundi kufungua milango.

Kuuza kulikuwa na mashaka kuliko kufungua, na hapo kosa lilikuwa langu. Siku ya tatu alikuja bwana mmoja nadhifu, mwenye maneno laini, akasema anafufua 404 yake na anahitaji grili, taa zote mbili za mbele na dashibodi. Hakutaka kitu kingine. Nilimpa kwa ahadi kwamba angetuma pesa jioni. Jioni hiyo haijafika hadi leo. Nilichojifunza ni kwamba grili na taa ndizo zinazowavuta wanunuzi. Akizichukua mtu peke yake, hata akilipa, vilivyobaki hukosa wa kuvitazama. Baada ya hapo tulifunga vitu kwa mafungu. Aliyetaka bampa za kromu alichukua na milango. Aliyetaka ile feni ya sumaku alichukua injini nzima.

Nilijifunza pia kuuliza swali moja kabla ya kutaja bei: gari lako ni la namna gani? Taa za nyuma za stesheniwagoni si zile za saluni yenye mapezi, na springi zake za nyuma ziliundwa kubeba mzigo. Kioo cha mbele na vitu vingi vya injini huingiana. Sanduku la usukani wetu lingemfaa mtu wa hapa, wa Uganda, Tanzania, Uingereza ama Australia, ambako huendesha kushoto kama sisi. Mfaransa hana kazi nalo. Mteja mmoja alitaka kutuma fedha kutoka mbali na kuchukua sanduku hilo, nikamwambia ukweli, akanishukuru na kununua kabureta ya Solex badala yake.

Kwa kila fungu tuliandika stakabadhi mbili, moja yetu na moja ya mnunuzi, na ya injini ikabeba nambari ya injini kama ilivyo kwenye logibuku, pamoja na nakala ya barua ya mahakama. Mnunuzi atalazimika kuijulisha mamlaka ya usafiri, NTSA, kwamba gari lake limebadilishwa injini, na bila karatasi zetu angeonekana mwizi. Logibuku ya marehemu tuliirudisha pamoja na taarifa kwamba gari limevunjwa. Namba zake zisije zikaonekana siku moja kwenye gari la mtu mwingine.

Gamba lililobaki ndilo alilochukua mwenye mizani. Hakuwa yule kijana wa kwanza. Tulimtafuta mwenye leseni, kama sheria ya vyuma kuukuu ya mwaka wa 2015 inavyotaka, na nadhani wengi wanakumbuka jinsi biashara hiyo ilivyopigwa marufuku Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa nyaya na milingoti ya stima, ikaruhusiwa tena Mei mwaka huo. Mwenye leseni aliandika jina letu na mahali gamba lilikotoka. Alilipa Sh11,000.

Vyote pamoja, ukiondoa malipo ya fundi na wasaidizi wake, nauli, gharama za mahakama na kile nilichompa bwana nadhifu bila kujua, Mama Mkubwa alipata Sh96,500. Ilichukua miezi miwili zaidi kuzikusanya. Si utajiri, na kama hesabu ingetiwa thamani ya miezi aliyokaa gizani na mkono ulioumia, sijui ningesema nini mbele ya binamu yangu. Yeye mwenyewe hajalitaja tena.

Jicho la kulia lilipasuliwa Februari. Kitambaa kilipotolewa alitazama mkono wa muuguzi, kisha dirisha, kisha akaniambia nimenenepa. La kushoto litafanywa mwezi ujao.

Nembo ya simba ya mbele ya gari hakuiuza, imepigiliwa msumari ukutani juu ya redio. Na sanduku la gia bado halijapata mtu. Liko chini ya kitanda cha wageni, limefungwa kwa gunia, gia zote zinaingia, bolti zake zimo kwenye mfuko. Msomaji mwenye 404 anayelihitaji na aniandikie kupitia kwa mhariri, na afahamu mapema kwamba hatukopeshi.